Viroboto wa Liwali

Neno lenyewe nililipata kwa mama. Yeye ni mtu wa Mtang'ata, kusini mwa mji wa Tanga, na mpaka leo akisema Kiswahili cha kwao, wageni humwomba arudie. Kwa watu wengi kiroboto ni yule mdudu wa kwenye manyoya ya paka. Kwa mama, na kwa bibi yake aliyemlea, viroboto walikuwa watu. Walikuwa askari wa kukodiwa wa enzi za masultani, walioletwa kutoka ng'ambo, hawana shamba wala ukoo hapa pwani, na chakula chao kilitoka mkononi mwa liwali, yaani yule aliyetawala mji kwa niaba ya sultani. Liwali akisema kamateni, walikamata. Akisema chomeni, walichoma. Bibi yake mama alikuwa akisema kuwa kiroboto hakuwahi kuuliza kwa nini, maana angeuliza angelala na njaa.

Nilifundisha Kiswahili miaka mingi, kisha nikaacha ualimu nikaanza kuandika michezo ya redio. Kuna kituo kidogo cha redio mjini kwetu, studio yake iko ghorofani, eneo la Usagara. Mchezo wangu ulikuwa ukirushwa Jumamosi alasiri, waigizaji wakisoma moja kwa moja hewani, bila kurekodi kwanza, kwa sababu vifaa vilikuwa haba na kiongozi wetu wa mchezo alipenda ule wasiwasi wa kutokuwa na nafasi ya kurudia. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, mwenye subira na sisi kuliko tulivyostahili.

Nilipompelekea mchezo juu ya liwali mmoja wa kubuni na viroboto wake, aliusoma wote kisha akaniuliza, "Kwa nini usiseme wapambe? Au vibaraka? Au chawa, kama vijana wanavyosema siku hizi? Viroboto nani atawaelewa?"

Nikamwambia kila neno lina mtu wake. Mpambe naye hujipamba. Ukimwona karibu na mkubwa unajua ana hamu yake ya kuonekana. Kibaraka mara nyingi amekalishwa kwenye kiti, bwana wake yuko mbali. Chawa husifu ili ale. Lakini kiroboto hasifu mtu wala hatafuti kiti. Huambiwa ruka, akaruka. Hilo ndilo lililonitisha kwa watu wale tangu nilipowasikia utotoni, na nilitaka limtishe msikilizaji.

"Basi waache," akasema. "Ila wape majina, tuwatofautishe."

Nikakataa. Niliwaandikia sauti moja. Liwali akiamuru, wao hujibu "Hewala, bwana," wote pamoja, na waigizaji walilifanyia mazoezi jibu hilo mpaka likawa linatoka kama mlango unaofungwa. Niliona kwamba mtu akiwa na jina, msikilizaji huanza kufikiria kwao, mkewe, alichokula asubuhi. Nami sikutaka wafikiriwe. Nilitaka waogopwe.

Sasa, wakati huo nje kidogo ya mji kulikuwa na mgogoro. Tajiri mmoja, mwenye malori yanayopita Horohoro kwenda Mombasa, alikuwa amezungushia mabati kiwanja cha pwani, na ndani ya kiwanja hicho ndimo ilimopita njia ya wanawake wanaoshuka kununua samaki majini. Wanawake wakienda walizuiwa na vijana wenye kofia nyekundu, wote kofia za namna moja. Mmoja wa wanawake hao alisukumwa akaanguka na ndoo yake. Mimi sikuandika mchezo kwa ajili ya mambo hayo. Nilikuwa nimeuanza kabla hata bati la kwanza halijapigwa msumari. Lakini nani angeniamini?

Sehemu za mwanzo za mchezo zilipokwisha kurushwa, niliyasikia matokeo yake kwa masikio yangu sokoni. Vijana wawili wa kofia nyekundu walikuwa wakipita kati ya meza za samaki, na mama mmoja muuza changu akaita akiiga sauti ya liwali wa redioni, "Nendeni mkalete mbuzi wa mjane!" Meza ya pili wakaitikia, "Hewala, bwana!" Soko zima likacheka. Mwingine akasema, "Viroboto hao, jikuneni!" Wale vijana wakageuka huku na huku wasijue wamkabili nani. Mimi na kikapu changu sikucheka, kwa sababu mmoja wa vijana wale nilikuwa namfahamu. Alikuwa akifanya kazi na mdogo wangu.

Mdogo wangu ni kitinda mimba wa mama. Alianza kwa tajiri yule kama msimamizi wa upakiaji kule mpakani, kisha akapanda, akawa mtu wa kutumwa hapa na pale. Alikuwa akinijia nyumbani kwangu Chumbageni na mikungu ya ndizi, anacheza na binti yangu, anakula, anaondoka. Tangu mume wangu afariki yeye ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba yetu. Juu ya mabati na njia ya samaki hakuwa akisema neno, na mimi sikuwa nikimuuliza.

Wiki ile ile ya sokoni alikuja. Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha, nimekaa ukumbini nachagua mchele. Nikasikia hodi, nikajua sauti yake, nikasema karibu. Hakuwa peke yake. Nyuma yake aliingia mtu mzima wa kanzu, ananukia udi, na nyuma ya huyo kijana mpana ambaye hakuketi.

"Shikamoo dada," akasema mdogo wangu.

"Marahaba. Karibuni."

Yule wa kanzu akakaa akalisifu zulia langu, akaulizia afya ya mama. Aliniita mwalimu. Alisema kwa upole sana kwamba yeye ni msikilizaji wangu, na kwamba Kiswahili changu kinamkumbusha wazee wake. Kisha akamtazama yule kijana mpana, na kijana akaufunga mlango.

"Upepo," akasema yule wa kanzu.

Hapakuwa na upepo. Pazia lilikuwa limening'inia tu.

"Mwalimu, lipo neno limeingia mjini. Watu wazima wanatukanwa barabarani. Vijana wenye wake na watoto wanaitwa wadudu. Mzee wetu amesikitika. Hakukasirika, amesikitika. Anaomba mambo mawili madogo. Jumamosi, kabla ya mchezo, uwaambie watu kuwa neno lile halina maana, umelitunga. Na mchezo wenyewe uishie hapo."

"Sikulitunga," nikasema. "Ni neno la wazee."

"Basi wazee wamekosea."

"Na mchezo ni wa zamani za sultani. Mzee wenu anahusikaje?"

Akatabasamu. Akachukua punje moja ya mchele kutoka kwenye ungo wangu, akaitazama, akairudisha. "Binti yako anarudi kutoka shule kwa miguu, kwa kufuata njia ya reli, sivyo? Peke yake. Njia ile ina vichaka. Mimi ningekuwa mzazi nisingelala."

Nilimtazama mdogo wangu. Nilisubiri asimame. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba atasimama, kwa sababu binti huyo alimbeba mgongoni, alimfundisha kuendesha baiskeli, na siku alipovunja ungo yeye alikuwa wa kwanza kumnunulia zawadi. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuogopa wale wengine watamfanya nini akisimama.

Hakusimama. Alikuwa anatazama kucha zake.

"Dada," akasema taratibu, "sikiliza unaloambiwa."

Sijui niliwajibu nini. Nakumbuka nilisema nitafikiri, na yule wa kanzu akasema kufikiri ni jambo jema, na kijana mpana akafungua mlango. Mdogo wangu alitoka wa mwisho. Alisita kwenye kizingiti kama mtu aliyesahau kitu, kisha akawafuata. Nilipojaribu kuendelea kuchagua mchele, niliumwaga wote sakafuni.

Binti yangu aliporudi nilimkumbatia mpaka akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia afunge nguo zake. Asubuhi yake tulikwenda kwa mama.

Nilitegemea mama atanipokea kwa hasira niliyokuwa nayo mimi. Alinipokea kwa hasira nyingine. Mke wa mdogo wangu alikuwa amekwisha kumpigia simu akilia: mwanawe wa darasa la tatu anaitwa mtoto wa kiroboto, wenzake wanajikuna akipita, na siku moja walimvua shati wakisema wanatafuta alipo mdudu.

"Nilikupa neno," mama akasema, "nawe umelitia mwiba ukamchomea ndugu yako."

"Mama, sikumchoma mimi. Kofia ile kaivaa mwenyewe."

"Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Litoe hilo neno."

Nikamwambia yaliyotokea ukumbini kwangu. Mlango kufungwa, njia ya reli, vichaka. Mama alikuwa akikuna nazi, akaacha, mbuzi ya kukunia ikabaki chini yake na kifuu mkononi.

"Na yeye alikuwapo?"

"Alikuwapo. Akaniambia nisikilize ninaloambiwa."

Nikaona midomo yake inasogea, nikadhani analaani, kumbe anasoma aya. Kisha akaendelea kukuna.

"Litoe hata hivyo," akasema.

Kiongozi wa mchezo alinipigia simu mchana. Gari jeusi lilikuwa limeegeshwa chini ya studio tangu juzi, halifanyi chochote, limekaa tu. Waigizaji wawili wameanza kuumwa ghafla. Alisema mwenye kituo amemwachia yeye uamuzi, na yeye ananiachia mimi. "Ukisema tusitishe, hakuna atakayekulaumu," akasema. Nikasikia kwenye sauti yake kwamba alitamani niseme hivyo.

Sikusema. Siwezi kudai ilikuwa ushujaa. Nilikuwa na hasira, na zaidi ya hasira nilikuwa nikimwona yule mwanamke na ndoo yake chini, ambaye hakuwa na redio wala kalamu. Nikiliondoa neno, basi wale wamepata kitu cha pili cha kuzungushia mabati.

Lakini mwisho wa mchezo niliubadilisha. Mwisho wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha: watu wa mji wanaungana, viroboto wanakimbia wakianguka ovyo, kila mtu anashangilia. Nilipousoma tena pale kwa mama, nikimfikiria mtoto wa mdogo wangu akivuliwa shati, haukunichekesha. Nikaupasua. Nikaandika kwamba mwanamke mgeni anashuka kwenye jahazi, amevuka bahari kumtafuta mwanawe aliyechukuliwa zamani. Liwali anasikia kuna mgeni hana kibali, anamtuma kiroboto mmoja akamtoe. Kiroboto anafika mlangoni, na aliye ndani ni mama yake. Mama hamkaripii. Anamuuliza maswali tu. Nikaandika na kufuta mpaka binti yangu akaja kuniita kula, nikamwambia nakuja, sikuenda.

Jumamosi nilimwacha binti yangu kwa mama, nikapanda basi kurudi mjini. Mama hakunisindikiza. Alisimama mlangoni, akasema, "Haya," basi.

Gari jeusi lilikuwapo. Nilipita pembeni yake na karatasi zangu kwapani, vioo vimefungwa, nikasikia ndani wimbo wa kituo chetu wenyewe. Walikuwa wamefungulia redio. Nikapanda ngazi. Juu nilimkuta kiongozi wa mchezo, fundi mitambo, na waigizaji wachache kuliko nilivyotarajia. Mwigizaji aliyekuwa asome sehemu ya mama hakuja, simu yake imezimwa.

"Utasoma wewe," akaniambia.

"Mimi si mwigizaji."

"Hakuna mwingine."

Mlango wa studio una kioo kinachoangalia kwenye ukumbi mwembamba. Kitasa chake kilikuwa kimeharibika siku nyingi. Mlango ulikuwa ukisukumwa tu unafunguka. Tulikuwa tukilalamikia jambo hilo kila wiki kwa sababu ya kelele. Siku ile kila mmoja wetu aliutazama mlango ule kabla ya taa nyekundu kuwaka.

Taa ikawaka. Mchezo ukaanza. Liwali akafoka, viroboto wakaitikia, na ingawa walikuwa wachache "Hewala, bwana" ilitoka vizuri. Tulikuwa tumefika pale jahazi linapotia nanga, fundi akipiga sauti ya maji kwenye beseni, nilipoona kivuli ukumbini.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kioo, kofia nyekundu kichwani, kiganja chake kimewekwa kwenye mlango.

Fundi akaacha maji. Kiongozi wa mchezo akaninyooshea kidole kwenye karatasi: soma. Kama mlango ungefunguliwa, mji wote ungesikia kitakachofuata, na ndicho walichotaka, nadhani; tunyamazishwe hewani ili kila mtu ajue.

Nikasoma. Macho nimeyakaza kwenye karatasi kwa sababu nilijua nikiyainua sauti itakatika.

"Mwanangu, umekuja kunifanya nini?"

Mwigizaji wa kiroboto alisoma: "Nimetumwa nikutoe."

"Nani kakutuma?"

"Liwali."

"Na liwali anataka nini?"

"Anataka utoke."

"Nimesikia anachotaka yeye. Wewe unataka nini?"

Hapo nilikuwa nimeandika kimya. Kwenye karatasi iliandikwa hivyo tu: kimya. Kwenye redio kimya ni kitu cha kuogofya, dakika inakuwa kubwa, na kiongozi wa mchezo kwa kawaida huwa anatuharakisha. Siku ile hakutuharakisha. Nikainua uso.

Mdogo wangu alikuwa akinitazama. Ukumbini kule kipo kipaza sauti kidogo ukutani, kwa hiyo alikuwa akisikia kila kitu. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Kile kiganja kilikuwa bado mlangoni, na nikaona vidole vinajikaza, nikasema moyoni, sasa. Sikuogopa tena kupigwa. Niliogopa kumwona akifanya.

Kiganja kikateremka. Akabaki amesimama, mikono imelegea pembeni, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Nikarudi kwenye karatasi, nikaimalizia sehemu yangu sijui vipi. Muziki wa kufungia ulipopigwa, kioo kilikuwa kitupu.

Tulikimbilia dirishani. Alikuwa akivuka kwenda kwenye gari. Kioo cha mbele kikateremshwa, wakasemezana. Aliinua mabega. Mlango wa nyuma ukafunguliwa kutoka ndani, akaingia, gari likaondoka polepole kama la watu wanaokwenda harusini.

Hakurudi kwake siku ile, wala iliyofuata. Simu yake iliita mpaka ikakoma kuita. Mkewe alinipigia akanitukana, kisha akalia, kisha akaniuliza kama nina habari zozote. Mama alikuja mjini kwa basi na mkoba wake, akaketi kwenye kitanda changu akivuta tasbihi. Hatukuzungumza juu ya neno wala juu ya mchezo. Nilimpikia chai asinywe. Kila pikipiki iliyopita nje tuliinua vichwa pamoja.

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyemkuta, kando ya barabara ya Horohoro, ndani ya mtaro, mkono umevunjika juu na chini ya kiwiko na taya limevimba. Alimpakia akampeleka hospitali, akakaa naye mpaka walipopata namba ya mkewe. Mtu huyo sikuwahi kuonana naye. Namwombea mpaka leo.

Nilipoingia wodini mdogo wangu alifumba macho. Nikakaa kwenye kiti. Baadaye akasema, maneno yakitoka kwa shida pembeni mwa mdomo, "Niliwaambia mlango ulikuwa umefungwa."

"Haukuwa umefungwa."

"Najua. Na wao walijua. Walikuwa wanakusikiliza garini."

"Walikutuma uje ufanye nini?"

"Niuzime ule mtambo. Na wewe nikuzabe kofi, lisikike."

Muuguzi akapita na sinia, tukamngoja atoke. Nilitaka kumuuliza juu ya siku ile ukumbini kwangu, njia ya reli, kwa nini alitazama kucha. Nikaona taya lake, nikaahirisha. Yeye ndiye aliyeanza.

"Dada, ukikaa nao muda mrefu unazoea kusubiri mwingine aseme kwanza. Nilisubiri mtu aseme acha. Nilisahau kuwa ningeweza kuwa mimi."

Sikumwambia nimekusamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe. Nilimlowanishia midomo kwa maji, nikamwambia mama yuko nje.

Alipotoka hospitali alikwenda mwenyewe polisi akawataja waliompiga, mmoja mmoja. Yule wa kanzu alikamatwa, na kijana mpana pia. Tajiri alipoulizwa alisema hawajui. Kuna vijana wengi huja kwake kuomba kazi, hawezi kumkumbuka kila mmoja. Nasikia yule wa kanzu alipoambiwa hivyo hakuamini, akaomba apewe simu, akapiga, haikupokelewa, akapiga tena na tena mpaka askari wakaichukua. Kofia nyekundu zikapotea mjini. Wanawake wa samaki nao walifikisha shauri lao kwenye baraza la ardhi, na baada ya kuzungushwa sana wakapewa njia, nyembamba, ya kupita mkokoteni. Mabati mengine yapo mpaka sasa, yameanza kushika kutu.

Watu huniuliza kama mchezo ule ulisaidia. Sijui. Mtoto wa mdogo wangu alipigana shuleni mpaka akavunja jino la mwenzake ndipo wakaacha kumwita mtoto wa kiroboto, na hilo nalo lilitokana na kalamu yangu. Nimeandika michezo mingine tangu hapo. Wabaya wangu siku hizi huwapa angalau mahali walikozaliwa, na kiongozi wa mchezo hunitania kuwa nimeanza kuwahurumia majambazi.

Mdogo wangu sasa ananunua machungwa Muheza na kuyaleta mjini. Mkono wake haunyooki wote. Kwangu alikaa muda mrefu bila kuja, na mimi sikumwita. Idi iliyopita mama alitaka tule pamoja, akaja. Binti yangu, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, alimwamkia kutoka mlango wa jikoni, akarudi ndani.

Baada ya chakula mdogo wangu aliomba aitwe. Alikaa wima kama anayehojiwa.

"Siku ile nilisikia ukitajwa nikanyamaza," akamwambia. "Nataka ulisikie kwangu."

"Nilijua, mjomba. Mama aliniambia."

"Bado unaniogopa?"

Binti yangu alifikiri. Mama yangu alikuwa ameshika kikombe hewani, hakinywi wala hakiweki.

"Siogopi," akasema. "Sijakuzoea tu. Nimeanza upya."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipoaga kulikuwa bado na jua. Niliinuka nimsindikize mimi, nikamwona binti yangu amekwisha kuvaa ushungi na viatu. Hakuna aliyemtuma. Alimsindikiza mpaka kituo cha basi, yeye upande mmoja wa barabara, mjomba wake upande wa pili.